Plasta Juu ya Jina

Kila asubuhi, kabla hatujaketi, profesa wetu alikata vipande vya plasta ya kufungia vidonda na kuvibandika juu ya majina. Picha za eksirei zilizopigwa jana yake zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku la taa ukutani, na kila moja ilikuwa na kona yenye jina la mgonjwa, umri wake, na kama ni mwanamume au mwanamke. Kona hiyo ndiyo aliyoiziba. Karatasi ya daktari aliyemtuma mgonjwa, ile inayoeleza anaumwa nini na tangu lini, aliitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akatuambia tusome.

Ndivyo tulivyofunzwa udaktari wa picha katika hospitali ile ya chuo kikuu, Bujumbura. Profesa alisema picha inajitosheleza, na daktari anayetaka kwanza kuambiwa habari za mgonjwa hana tofauti na mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake. Tulisoma kwa Kifaransa, tumesimama, mdogo kwanza na mkubwa baadaye, yeye akiwa wa mwisho. Akishasema, hakuna aliyeongeza neno. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote na mwanamke peke yangu, kwa hiyo kila siku nilianza mimi, na mara nyingi nilikosea mbele ya watu wote. Sikuchukia hilo, maana nilikuwa nimekuja kujifunza. Nilichokuja kukichukia ni ile plasta.

Siku moja iliwekwa picha ya kifua. Upande wa kulia, juu, palikuwa na michirizi myeupe, mahali pale pale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Wenzangu walishaanza kutabasamu kwa sababu ilikuwa rahisi. Nikasogea karibu. Michirizi ile haikuishia kwenye pafu. Ilivuka mfupa wa mtulinga ikapanda hadi shingoni, na huko shingoni hakuna pafu. Tena ilikuwa imesokotwa. Mimi nasuka rasta tangu shule ya msingi, hata kivuli chake nakijua. Chini yake matiti yalionekana wazi, yamejaa, ya mtu anayenyonyesha. Nikasema kwa Kifaransa changu kizuri kuliko vyote kwamba huyu ni mwanamke, nywele zake zilikuwa zimelala begani alipopigwa picha, zifungwe juu kichwani apigwe tena.

Walicheka. Profesa naye alicheka, tena kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi. "Mwenzetu ametuletea habari za saluni," akasema. Wakafuata wengine mmoja mmoja, kila mmoja akisema kifua kikuu kwa sauti nene kuliko aliyemtangulia. Wote vichwa vyao vilikuwa vimenyolewa, na sidhani kama kuna aliyewahi kushika msuko isipokuwa wa mkewe. Profesa akafunga: kifua kikuu, mgonjwa aanze dawa. Nikanyoosha mkono. Hakuuona, au alijifanya hakuuona, akaita picha inayofuata.

Na mgonjwa mwenyewe alikuwa wapi? Nilikuja kujua baadaye kwamba asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, upande wa pili wa ukuta wetu, akisubiri majibu. Yeyote kati yetu angefungua mlango angeziona nywele zake. Lakini tulikuwa tumefundishwa pia kwamba daktari wa picha hatoki kwenda kumtazama mgonjwa. Wagonjwa wana madaktari wao, sisi tuna picha zetu. Madaktari wazima, chumba kizima, na hakuna aliyefungua mlango. Nikikumbuka, hasira hunipanda mpaka leo.

Miezi michache baadaye nilitumwa kufanya staji, yaani mafunzo ya kazini, Rumonge, nyumbani kwetu, katika hospitali ambayo mashine yake ya eksirei ilikuwa ndiyo kwanza imetengenezwa. Akaja mwanamke mmoja amekumbatia bahasha kubwa kifuani.

"Amahoro, muganga. Nimekuja munipige radio ingine," akasema, maana kwetu eksirei huitwa radio.

"Kwa nini, mama? Ulishapigwa?"

"Iko hii. Walinipiga kule Bujumbura, wakasema niko na kifua kikuu. Mama mukwe akachukua mutoto. Akasema maziwa yangu iko na ugonjwa."

Nikaitoa picha kwenye bahasha, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Pale penye jina palikuwa bado na gundi ya plasta. Nikamtazama mwenyewe. Rasta zake, nene na ndefu, zilikuwa zimemwangukia bega la kulia.

Alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, sokoni. Kikohozi kilimpata msimu wa mvua, na kiliisha chenyewe kabla hajameza kidonge hata kimoja. Makohozi yake yalipimwa, hayakuonyesha kitu, lakini picha ilikuwa imeshasema na aliyeisema alikuwa profesa. Akaanza dawa, mkojo ukawa mwekundu kwa rangi ya vidonge, na sokoni wenzake wakamwomba ahamishe meza. Hayo yote aliyavumilia. Asiloliweza ni mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa bado hajajua hata kutambaa, kuachishwa ziwa siku moja na kupelekwa kijijini Kizuka kwa bibi yake. Alitaka neno la hospitali la kumwambia mama mkwe kwamba yeye ni mzima, ili mtoto arudi. Hakuna kingine alichoomba.

Nilimfunga nywele juu kichwani kwa kitambaa changu mwenyewe, akapigwa picha. Mapafu yalikuwa safi pande zote mbili. Nikamweleza, naye akauliza kama aache dawa leo. Nikaenda kwa muuguzi wa kitengo cha kifua kikuu. Akanisikiliza vizuri, akaitazama picha, akasema ananiamini, ila dawa ilianzishwa kwa saini ya profesa na ni saini ya profesa itakayoisimamisha. Mimi bado nilikuwa mwanafunzi. Nikamwomba mama yule anipe picha zote mbili, nikapanda nazo Bujumbura.

Asubuhi ya kikao nilizitundika mimi mwenyewe, ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Profesa akaingia, akakata plasta, akaziba majina yote mawili, akatuambia tusome. Nikasoma kama mara ya kwanza: hii ni nywele, hii ni nywele zimefungwa, mwanamke ni yule yule na hajawahi kuumwa kifua kikuu. Safari hii hawakucheka. Mmoja wa wenzangu, mkubwa wetu sote kwa umri, alisogea akafuata michirizi kwa kidole, polepole, kutoka pafuni hadi shingoni. Kidole kikasimama pale. Aliona, naapa. Akakirudisha kidole mfukoni, akasema: kifua kikuu, kimepona.

Profesa alifurahi kweli kweli. Alisema ni nadra kupata picha nzuri namna ile za kufundishia, kabla ya dawa na baada ya dawa. Nikamkatiza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika chumba kile, nikasema pafu lililougua kiasi kile haliwezi kusafika kwa muda mfupi hivi bila kuacha hata kovu, na kwamba mtoto wa watu ameachishwa ziwa kwa ajili ya nywele. Akasema habari za watoto na maziwa ndizo hasa alizozibandikia plasta, zisituharibie macho. Akaandika: hali imeboreka vizuri kwa matibabu, amalize dawa. Akatia saini. Alipotaka picha zibaki idarani nilizishusha nikasema ni mali ya mgonjwa.

Ile karatasi ya profesa sikuweza kuificha, maana mwenyewe na mumewe walikuwa wakiisubiri. Nikaenda nao hadi Kizuka, nikiamini kwamba nitakachosema kwa mdomo kitaizidi. Tulimkuta mama mkwe nyuma ya nyumba akichemsha mawese. Mtoto alikuwa amembeba ubavuni, amenona, amepakwa mafuta vizuri. Si mwanamke mbaya, nataka hilo lijulikane. Alinikaribisha, akaniita binti, akafuta mikono, akazishika picha kwa pembeni na kuziinua kwenye mwanga wa jua moja baada ya nyingine.

"Ya ugonjwa iko gani?" akauliza.

"Hakuna ya ugonjwa, mama. Hii muliyoshika ni nywele zake tu. Yeye hakuwa mugonjwa hata siku moja."

Akaitazama muda mrefu, akamtazama mkwe wake, akazitazama nywele. Nikadhani amekwisha elewa. Kisha akamwambia mwanawe asome karatasi, na yule bwana, aliyejifunza Kifaransa shuleni, akasoma akitafsiri, bila kuongeza wala kupunguza.

"Aliyeandika ni nani?" mama mkwe akaniuliza.

"Ni profesa wetu."

"Ni mukubwa wako?"

Nikajibu kwamba ndiyo.

"Basi tushukuru Mungu, dawa inafanya kazi. Amalize, kisha atakuja kuchukua mutoto wake." Akanishika mkono kwa huruma. "Na wewe, binti, murakoze kuja mpaka huku."

Mama wa mtoto hakubishana. Aliingiza mkono kwenye begi akatoa kitambaa, akaanza kujifunga mdomo na pua, akaniuliza kwa sauti ya chini kama akijiziba hivyo anaweza kumshika kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa daktari pale, na nilijua hana cha kuziba.

"Mubebe, mama," nikasema kwa nguvu, wote wasikie. "Toa hicho kitambaa, umubebe."

Akakitoa, akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama jinsi anavyotazamwa mgeni, akauficha uso shingoni mwa bibi yake, na bibi akarudi nyuma naye.