Mikono ya Mama kwenye Laini Nyembamba

Mama yangu hakujua kuongea bila mikono. Akikusimulia mikorosho ya kwetu Nanyamba ilivyochanua, mikono inapanda mti. Akikugombeza, unaogopa kidole kabla ya maneno. Sasa mtu wa namna hiyo mweke mbele ya kamera ya kompyuta, kwa intaneti ya Mtwara ya miaka ile, uone mateso.

Nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti pale Ufukoni, na mama alikuwa amehamia mjini kuishi nami. Dada yangu mkubwa aliolewa Maskati, miaka inapita hajapata nafasi ya kuja nyumbani. Alichotaka kwangu ni kimoja tu: kila Ijumaa baada ya swala nimwonyeshe mama, moja kwa moja, akiongea.

Laini yetu ilipitisha data kiasi kilekile kila sekunde, upende usipende. Mtu akitulia, kinachotumwa ni kidogo, maana picha ya sasa inafanana na iliyopita. Akitikisika, karibu yote inabidi itumwe upya. Haipiti, basi programu inashusha ubora mpaka uso unakuwa vigae vya bafuni. Mama akianza tu, "Mwanangu, huku kwetu…" mikono ikapanda, utamsikia dada kwenye spika: "Mama kapotea tena!"

Mimi nikajifanya fundi. Kanga yake ya maua nikaikataa, maua nayo yanakula data. Nikamtanda kitambaa cheupe, nikamkalisha mbele ya ukuta mtupu.

"Mama, mikono mapajani. Usitikisike."

"Hee! Kwani napigwa picha ya pasipoti?"

Akatii, lakini maneno yakamwishia. Picha safi, mazungumzo hakuna, nami najisifu, mjinga mimi. Jioni dada akaniandikia: "Huyo uliyeniletea ni nani? Nirudishie mama yangu, hata akiwa vigae." Mpaka leo namwelewa. Namtamani mama wa vigae.

Ujumbe ule ulinikera, kisha ukanitia aibu. Nikaanza kuhangaika na mipangilio hadi nikaliona kosa: nilikuwa nalazimisha kila sekunde ipewe sawa na mwenzake. Picha ikiruhusiwa kuchelewa kidogo tu, nafasi inayobaki mama akitulia inatumika mikono inapoanza kazi. Nikajijaribu mwenyewe, napunga mikono mbele ya kamera, wateja hawana mbavu kwa kicheko. Vidole vyangu vilionekana vyote. Nikasema Ijumaa hii dada atamwona mama mzima mzima.

Jumatano mama akaanguka uani. Kiharusi. Wakubwa wa ukoo wakaamua dada asiambiwe kwa simu, asije akachanganyikiwa ugenini, nami nikakubali, Mungu anisamehe. Ijumaa zikapita nikisingizia laini. Mwishowe dada akalia kwenye simu, nikashindwa. Tukamleta mama kafe, tukamkalisha kwenye kiti chenye mito.

"Mashallah!" dada akapiga kelele. "Mdogo wangu, leo umeweza! Namwona mpaka nyusi!"

Mikono ya mama ilikuwa imelala mapajani. Picha ilikuwa safi, na ufundi wangu haukuhusika hata kidogo.

Dada akangoja. Akangoja tena. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya mtoto.

"Mama, shikamoo. Mama, ni mimi. Nigombeze basi. Nigombeze kidogo tu."