Sauti ya Namba Mbili

Juzi, katika duka la vifaa vya umeme mjini Kibiti, mama mmoja wa Mloka, kijiji kilicho kando ya hifadhi ya wanyama, alikuwa akichagua risiva ya muziki, hizi zinazopokea nyimbo kwenye intaneti. Muuzaji alimfungulia moja mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

"Hii inatikisa bati, mama!"

"Punguza, mwanangu. Punguza tena."

Kioo cha risiva kikaonyesha namba mbili. Mama akaupa muziki mgongo, akatega sikio barabarani.

"Sasa hapo unasikia nini?" muuzaji akacheka.

"Nasikia wimbo, na pikipiki inayopita naisikia. Muziki alinizoesha marehemu mume wangu, ila yeye alifungulia kama wewe. Tembo waliingia kwenye mihogo asiwasikie. Alipotoka kwenda msalani, aliwakuta mlangoni."

Muuzaji akamshushia nyingine mbili kutoka kabatini.

Nikingoja zamu yangu, nilisoma maboksi yote. Kila moja lilijisifia ukubwa wa sauti, kana kwamba wanunuzi wote wanaishi mahali ambapo nje hakuna kitu.

Mama akagusa risiva ya tatu. "Hii haijipandishi sauti yenyewe?"

"Haijipandishi."

"Apa."

"Wallahi, mama."

"Haya, nifungie hiyo."