Koti Lililokaa Ofisini

Harufu ya dawa ya kuchua ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Ile ya kwenye kopo la bati, kali, inayopanda puani mpaka macho yanalengwa na machozi. Kila jioni Mama alipoingia kwenye chumba chetu cha uani huko Kensington, Johannesburg, alivua koti, akalitundika msumarini kwa uangalifu, akakaa kitandani na kujipaka dawa hiyo kuanzia vidole vya miguu hadi magotini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikijiona mjanja kuliko darasa zima, na bado sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayekaa ofisini kutwa aichue miguu kiasi kile. Mama alisema ni baridi ya kiyoyozi. Nikaamini. Ningeambiwa ni kompyuta ndiyo inayouma watu miguu, ningeamini vilevile.

Kanisani walimwita Mama Biro. Sisi ni watu wa Uvira, na kwetu ofisi ni biro, na mtu wa biro ni mtu. Kule Mama alikuwa mwalimu. Johannesburg cheti chake hakikumsaidia hata kupata kazi ya kufagia darasa, lakini baadaye aliwaambia kina mama wa kwaya kwamba amepata kazi Midrand, anakaa mbele ya kompyuta, na koti lake la bluu lenye vifungo vya rangi ya dhahabu likamtolea ushahidi. Wenzake walikuwa wasusi, mafundi cherehani, wauza mitumba. Walijivunia Mama Biro kana kwamba kila mmoja amezaliwa naye tumbo moja. Mtu akipata barua ya Kiingereza alimletea yeye asome, na Jumapili yeye ndiye aliyesoma Neno.

Ndipo wakaja watu wa utafiti, mwaka 2017. Walikuwa vijana watatu wapole kutoka chuo kikuu, na walitaka kujua wahamiaji na watoto wao wanatembea kiasi gani kwa siku. Mzazi mmoja na mtoto mmoja wangevaa kiunoni kidude cheusi cha kuhesabu hatua, ukubwa wa kiberiti, kwa siku saba. Watoto ambao wao na wazazi wao wangemaliza wiki hiyo wangepelekwa chuoni kukimbia juu ya mashine, huku mapigo ya mioyo yao yakionekana kwenye skrini. Mimi nilikuwa mkimbiaji. Shuleni niliwaacha wavulana nyuma, na hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba nimewaacha. Nilikitaka kile kidude kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha dukani.

Sasa sikilizeni upuuzi huu. Kabla ya vidude kulikuwa na maswali, na maswali yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kiongozi wa kina mama, Mama Furaha, akapewa kazi ya kutafsiri kwa cheo chake. Angeweza kukaa pembeni na mtu mmoja mmoja. Wapi. Kwetu hakuna linalofanywa kanisani kimyakimya. Alisimama mbele ya ukumbi baada ya ibada, akamwita kila mtu kwa jina, akasoma swali kwa sauti ya mahubiri, na mtu akajibu kwa sauti, sisi wengine tukisikiliza na kula maandazi. Karatasi ilikuwa imeandikwa juu kabisa kwamba majibu yote ni siri. Na wale vijana wa chuo walisimama ukutani wakitabasamu, wameridhika kwamba jamii imeshirikishwa.

“Mama Biro, kazini unakaa ao unasimama?” Mama Furaha akauliza. Ukumbi ukacheka, maana kila mtu alijua jibu.

“Ninakaa,” Mama akasema.

“Saa ngapi kwa siku?”

“Yote.”

Akatia sahihi yake, akatia na ya kunikubalia mimi, akarudi kukaa. Niliona akijifuta jasho, nikadhani ni joto.

Bahasha yenye vidude viwili ilipofika nyumbani, hakuigusa. “Rudisha ile kitu, mama,” akaniambia. Kwetu mzazi humwita binti yake mama hata anapomnyima. “Mi sivai.” Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki. Nikalia, nikasusa chakula, nikambamizia mlango ambao hata haukufungika vizuri. Si kwamba alikuwa peke yake. Baba Neema, aliyekuwa mlinzi, alikataa na akasema wazi kwamba kidude kitamchongea kuwa analala lindoni. Bibi mmoja alisema ni alama ya mnyama. Hao niliwaelewa, angalau walikuwa na sababu. Mama yangu, mwalimu, aliyenifundisha kwamba anayekataa jambo aseme sababu, hakunipa hata moja. Na watafiti walitaka wawili wawili, kwa hiyo bila yeye na mimi sikuwemo. Nilimkasirikia kweli.

Kwa hiyo sikurudisha. Changu nilikifunga kiunoni chini ya sketi ya shule. Chake nilikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la bluu, nikaubana mfuko kwa pini. Koti lile hakuliacha hata siku moja. Alitoka nalo alfajiri kwenda kupanda teksi, akarudi nalo jioni. Siku saba nzima nilijisifu moyoni kwa akili zangu, na ya nane nikaipeleka bahasha kwa Mama Furaha nikiwa nimeilamba na kuifunga vizuri.

Barua za matokeo zilikuja baada ya wiki kadhaa, kila familia na yake, zimefungwa. Zilipitia wapi? Kwa Mama Furaha. Akafungua ya kwetu mbele za watu, akasoma kwamba binti anatembea na kukimbia vizuri sana, na kabla sijamaliza kufurahi akaendelea: mama anakaa muda mrefu mno bila kusogea, anashauriwa ajizoeze kutembea, kwa mfano ateremke kwenye teksi mbali kidogo na kazini. Kina mama walicheka hadi wakashikana mabega. Mama naye akacheka nao, akaipokea barua kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na mchoro, na ninao mpaka leo. Mstari wa Mama umelala chali kwa muda wa saa tisa kila siku ya kazi, haujatikisika hata mara moja. Hata mtu wa biro huenda chooni. Watu wote wale waliosoma, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza.

Nyumbani akaniuliza nilikiweka wapi. Nikasema kwenye koti. Akaliangalia koti pale msumarini, akaanza kucheka, na hiki kilikuwa kicheko chake mwenyewe, halafu kikakatika. Akavua viatu, akavua soksi, akaiweka miguu yake mapajani mwangu. Sikuwa nimewahi kuishika. Visigino vilikuwa vimepasuka, na kucha mbili zilikuwa nyeusi.

“Koti inaningojea kwa kabati mpaka jioni,” akasema. “Mi niko kwa ghala, nasukuma kigari. Natafuta sanduku, napakia, narudi tena.” Kisha akanionyesha kifundo cha mkono, mahali mkanda ulipoacha alama kwenye ngozi. “Kule wananifunga kidude yao hapa. Inasema natembea polepole. Inahesabu hata nikienda choo. Sasa hata kwangu nihesabiwe, mama?”

Nilipaswa kumwomba radhi. Nilichouliza, na naona aibu kukiandika, ni kama bado nitaenda chuoni. “Utaenda,” akasema. “Nipake kwanza.” Nikampaka. Na nikaenda, nikakimbia juu ya mashine ile, na watu wakanipigia makofi.

Sasa mimi ndiye mtu wa biro, biro ya kweli, Midrand hukohuko. Mkononi nina saa niliyojinunulia, nayo hunitikisa kila baada ya muda ikinitaka nisimame, kama vile kusimama ni starehe tuliyonyimwa ukoo mzima. Mama aliacha ghala magoti yalipomgomea. Nesi wa kliniki humwambia asikae sana, na mimi husimama pale nimeuma meno kwa sababu Mama hunifinya nisiseme. Kanisani bado ni Mama Biro. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba kanisa nisilitaje.

Mwezi uliopita ulinijia ujumbe kwenye simu: wanatafutwa wahamiaji wa umri wa Mama wavae kidude cha mkononi kwa wiki moja. Chini kulikuwa na sehemu ya anayekataa, achague sababu: hana muda, mgonjwa, hapendi. Nilimsomea zote tatu. Alikuwa amenyoosha miguu kitandani, kopo la dawa liko mkononi mwangu, na alizisikiliza kama anayesahihisha mtihani.

“Waambie wasome ile barua yao,” akasema. “Walishaandika natembea kidogo.”