Mama mukwe ametokosha pois chiche zangu

Leo nimemupandishia mama mukwe sauti.

Nilitaka kupika falafel, tule tumandazi twa pois chiche, zile dengu kubwa za mviringo. Jirani yangu Mama Aïsha alinifundisha: pois chiche kavu unazilaza mu mayi, kisha unazisaga zikiwa mbichi. Kuzitokosha, hapana! Zitasambaa mu mafuta.

Donc jana mangaribi nikazilaza mu bassin. Asubui nikaenda misa.

Kurudi, nakuta sufuria ku mbabula, jiko yetu ya makala. Mama mukwe, mwenye anaishi kwetu tangu vita imufukuze kwao Vuhovi, amezitokosha zote.

Nikajaribu tu kuzisaga na kuzikaanga. Ya kwanza kugusa mafuta, inasambaa. Ya pili, vile vile.

Nikalalamika mbele ya batoto: "Mama, nani alikutuma?"

Akapangusa mikono ku kikwembe yenye amejifunga kiunoni.

"Mama Neema, niliona maharagi yako inalala mu mayi bila moto. Nikajua makala imeisha, juu nimewaongezea kinywa ya kulisha. Nikaenda kuomba makala kwa jirani."

Jamani! Gunia nzima ya makala iko mu chumba yetu, nyuma ya kitanda. Mais munajua, kwetu mama mukwe haingiake mu chumba ya mutoto wake mwenye ameoa.

Na kuuliza, aliona haya.

Nimemupelekea sahani ya chakula pale inje kwenye amekaa. Amesema ameshiba.

Bamama benzangu, naanza na neno gani kumuomba musamaha? Juu ile "nimeshiba" anaisemaka kila siku, na mimi nilikuwa naamini.