Mkono Uliotulia

Tabora ina walevi wake, na kila mmoja anajulikana kwa jina na kwa kilabu chake. Reveriani hakuwamo. Alikuwa mpiga video wa Gongoni, miaka kumi na tisa ya harusi kila Jumamosi, na katika harusi zote hizo hakuonja hata bia moja. Ndiyo maana lilimuuma, na linamuuma mpaka leo, kwamba aliyemwita mlevi mbele ya ukoo mzima alikuwa kaka yake wa tumbo moja, tena kwa msiba wa baba yao.

Kaka huyo ni Emilian. Walizaliwa wote Ulyankulu, kwa wazazi waliokuja kutoka Burundi wakiwa na vijungu viwili na mbegu za maharage. Emilian akapata bahati ya kupelekwa ughaibuni pamoja na mkewe na watoto. Reveriani akabaki na wazee, akawapeleka hospitali, akawaezekea nyumba upya. Baba alipofariki, Emilian alishindwa kuja. Akapiga simu: "Tupigie video, mdogo wangu. Yote. Usikate hata sehemu moja."

Reveriani akapiga kwa kamera yake ndogo ya mkononi, huku analia. Jeneza lilivyoshuka, kamba, miguu ya watu, vyote vilicheza kwenye picha. Kule alikokuwa, Emilian aliwaita rafiki zake wa kanisani wakae sebuleni waangalie. Baada ya dakika kumi akazima. Kisha akaandika kwenye kundi la simu la ukoo: "Mtu unamzika baba yako umelewa? Nimeaibika mbele za watu."

Hakuna aliyemtetea. Hata shangazi yao, Irankunda, aliyekuwa amemshika bega pale kaburini asianguke, alinyamaza. Reveriani akaandika maneno mengi, akayafuta, mwisho akatuma mawili: "Samahani, kaka." Samahani! Mtu amelia kwa kufiwa na baba yake, halafu yeye ndiye anayeomba radhi.

Miaka miwili baadaye mama yao, Spesioza, akaanza kukonda. Dawa zilimpa nafuu ya wiki, kisha anarudi palepale. Reveriani hakumwambia mtu alichokuwa anawaza, hata mkewe Advera. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: Emilian aseme, mara moja katika maisha yake, kwamba Reveriani amemzika mzazi vizuri. Akaenda dukani kwa Lugembe, karibu na soko, kutafuta kishikio cha kutuliza kamera, kile wapiga video wanachokiita stebilaiza.

Lugembe alimwekea viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa cha chuma kitupu, mpini wenye vyuma vizito vya kuning'inia chini, hakina betri wala waya. "Hiki hakiharibiki," Lugembe alisema. "Ila kinataka mkono uliokizoea. Kinapunguza mtikisiko, hakiumalizi. Mwenye jicho ataona kuna mtu ameshika." Cha pili kilikuwa cheusi, chembamba, chenye mota tatu ndogo na chaji. Lugembe alifunga kamera juu yake, akaisawazisha mpaka ikasimama yenyewe bila kuelemea upande, ndipo akawasha. "Haya, tetemeka. Tetemeka kama una homa."

Reveriani akatikisa mkono, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu. Mpini ulirukaruka, lakini kwenye kioo rafu ya chaja za simu ilitulia tuli. Akatembea mpaka mlangoni, akashuka ngazi, akapanda, akageuka ghafla. Picha ilipita polepole kama maji kwenye mfereji.

Akakishika tena kile cha chuma. Kilikaa vizuri kiganjani, uzito wake kama jembe alilolizoea, na kwa kweli alikipenda zaidi. Akatembea nacho hatua kumi. Mtikisiko ulikuwepo, kidogo tu. Kidogo hicho akakiona kama Emilian atakavyokiona, akiwa sebuleni na wageni wake.

"Nipe cha mota," alisema.

Mwezi uliofuata alikuwa Ulyankulu, anajifunza kukitumia uani kwa mama. Anatembea kutoka jikoni mpaka kwenye banda la mbuzi, magoti yamekunjwa kidogo, pumzi ameibana. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na nini hicho?"

"Cha kazi, mama. Kinatuliza picha."

Akamwangalia akienda na kurudi, mara tatu, mara nne. "Unajifunzia mimi," alisema. Hakuuliza.

Reveriani akakishusha kishikio. Mama akacheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Jifunze vizuri basi. Kaka yako asije akakusema tena." Kumbe alikuwa anajua yote, na miaka miwili alikuwa amenyamaza. Reveriani alikwenda nyuma ya banda la mbuzi, akakaa huko mpaka macho yalipokauka.

Spesioza alifariki siku ya Jumanne na kuzikwa Alhamisi asubuhi. Katekista aliongoza sala, kwaya ya akina mama ikaimba, Reveriani akapiga. Alilia kuliko alivyomlilia baba. Alilia mabega yakapanda na kushuka, mkono ukatetemeka mpaka kiwiko, na zile mota tatu zikala kila mtetemeko wake bila kubakiza. Katekista alipowaita watoto na wajukuu watupe udongo, mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mpini na kwa wa kushoto anafuta kioo kilicholowa. Usikate hata sehemu moja. Akajiambia atatupa mwishoni. Mwishoni wanaume walikuwa wameshashika makoleo.

Alipokaa kutengeneza video akajisikia mwenyewe. Kwikwi zake zilikuwa zimeingia kwenye maikrofoni, kubwa, za karibu, zimefunika sala. Kila mpiga video wa Tabora anajua la kufanya hapo: sauti ya mpigaji haitakiwi kusikika, msiba unawekewa kwaya. Akazima sauti ya kaburini, akaweka nyimbo za wale akina mama tangu mwanzo mpaka mwisho. Ikawa safi. Akaituma, akamwambia Advera, "Safari hii hana la kusema."

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa uani kwa marehemu. Emilian alipigiwa, simu ikawekwa spika, wote wasikie.

"Video nimeiona," alisema. "Picha nzuri. Imetulia."

Reveriani akainua uso. Advera, aliyekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, alimwona akitabasamu.

"Imetulia mno," Emilian akaendelea. "Nimeiangalia mara tatu. Mama anashushwa kaburini, na mkono wa mwanawe haujatikisika hata mara moja. Wajukuu wanalia, majirani wanalia, wewe unazunguka kaburi unatafuta pembe nzuri. Udongo wametupa wote. Wewe sikukuona ukitupa. Tungekodi mtu wa nje, Reveriani, angalau tungejua tumekodi."

Ndipo shangazi Irankunda akafungua mdomo, safari hii kumtetea. "Mwacheni jamani," alisema. "Alikuwa kazini."

Waliporudi Gongoni, Advera hakungoja hata kufungua mizigo. "Mimi nilikuwa nyuma yako pale. Nimekusikia ulivyolia. Ile sauti ya kwanza kabla hujaweka kwaya, itoe, mtumie. Itume kwa ukoo mzima."

Reveriani akaanza kufungua mizigo.

"Baba Bernadeta, nasema itoe."

"Haipo."

"Haipo vipi?"

Jumamosi iliyopita alikuwa na harusi. Alipoona video ya Ulyankulu imefika kwa Emilian, alifanya anavyofanya siku zote kazi ikishakabidhiwa: akafuta kompyuta ipate nafasi, akafuta na kadi, akairudisha kwenye kamera, akaenda kumpiga bibi harusi. Hakufikiri hata kidogo. Aliifuta video ya mama yake kama anavyofuta ya mteja yeyote.

Hilo hakumwambia Emilian, na Advera naye hakuuliza tena. Kwenye kundi la ukoo, Reveriani aliandika, "Samahani, kaka," na safari hii alijua anaomba samahani ya nini.