Jeneza la Baba Mbele ya Tume ya Mishahara

Kazi yangu ilikuwa kubeba maiki. Mdosi wangu hukodisha spika kwa harusi, matanga na mikutano. Mimi nilitembea kati ya viti, nikampa maiki anayetaka kusema, nikangoja, nikaichukua tena. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye haya. Watu huangalia maiki, hawakuangalii wewe.

Siku hiyo tulikuwa katika ukumbi wa kanisa, Lanet. Maafisa wa tume ya mishahara walikuja kusikiza maoni ya wananchi: gavana alipwe nini, mbunge alipwe nini, mwakilishi wadi apewe marupurupu gani. Mwakilishi wadi wetu alileta watu wake wakiwa na fulana zenye picha yake. Mama yangu alikuwa kati yao. Simlaumu. Pilau ilikuwa inanukia nyuma ya ukumbi.

Mheshimiwa alisimama, nikampelekea maiki.

"Mbunge ako Nairobi," akasema. "Gavana ako na geti na askari. Mtu akifiwa, anabisha kwa nani?"

"Kwako!" wakajibu wenye fulana.

"Na mshahara wangu ndio mdogo! Matanga peke yake yananimaliza. Hata huyu kijana wa maiki, babake ni mimi nilimnunulia jeneza. Si ukweli, kijana?"

Watu wakapiga makofi. Karani wa tume akaandika.

Jeneza la baba lilitengenezwa na jirani yetu, fundi wa vitanda, kwa mbao ambazo baba alikuwa amenunua za kumalizia jikoni. Siku ya mazishi mheshimiwa aliomba kusalimia watu, akaambiwa habari ya mbao. Akasema kwenye maiki, "Hilo jeneza ni langu. Mbao za mama nitarudisha." Watu wakashangilia. Hatukuona hata ubao mmoja. Ameahidi kwenye makaburi mengi mno, na nadhani yeye mwenyewe hajui tena ni wapi alitoa na ni wapi alisema tu.

Tangu siku ile nilikuwa namtafutia neno. Nililitafuta nikioga, nikila, nikikunja nyaya. Sasa alikuwa amenirudishia maiki.

"Si ukweli," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote nikashtuka. Mheshimiwa akacheka. "Kijana amechanganyikiwa. Boss, zima hiyo kitu."

Mdosi akanyoosha mkono kwenye mashine. Afisa mmoja, mama mwenye miwani, akasema, "Acha aseme. Sema polepole, tunaandika."

Kusema polepole ndiko ninakojua. Nikaeleza habari ya mbao, ya fundi, na ya jikoni yetu isiyo na ukuta upande mmoja. Kila sentensi niliingoja kalamu imalize. Nilikuwa namwangalia mheshimiwa usoni, mimi ambaye siwezi kumwangalia hata muuza mandazi. Nikaongeza jambo ambalo sikuulizwa: "Na alienda kabla hatujatia udongo."

Mtu mwenye fulana akaita kutoka nyuma, "Mheshimiwa, na lile jeneza la nyanya yangu?"

"Na viti vya kanisa?" mwingine akadakia.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mheshimiwa akanyoosha mkono apewe maiki ajitetee. Nikampita. Nikaipeleka kwa yule wa nyanya. Mheshimiwa akabaki akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, na karani hakuziandika.

Mdosi alinifuta kazi kabla ya chakula. Sikujali.

Wiki iliyofuata pikapu ilisimama kwetu imejaa mbao mpya. Dereva wa mheshimiwa alimsalimia mama vizuri, kisha akanigeukia. "Mzee anasema mchukue hizi. Wewe utaenda kwa tume useme ulikosea, alikuwa ametoa kitambo."

"Rudi nazo," nikamwambia.

"Kijana, mvua inakuja. Fikiria mathe."

"Rudi nazo. Na upitie barabara ya sokoni."

Akageuza gari akinitukana. Watu walitoka madukani kutazama. Mama alisimama mlangoni mpaka pikapu ikapotea, kisha akaniuliza, "Si ungengoja kwanza washushe?"

Alikuwa na haki. Lakini nilitaka zionekane zikirudi, mchana, zote.