Fundi Saa Asiyependa Paka

Fundi saa alimwambia kila mteja kwamba yeye na paka hawaivi. Paka ni wa mke wangu, alisema, mimi namvumilia tu. Lakini Bwana Mkubwa, paka mzee wa rangi ya majivu, alilala mapajani mwake huku yeye akifungua saa za watu. Na paka alipoanza kula kupita kiasi na bado akakonda, fundi ndiye aliyembeba kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

"Tezi ya shingoni inafanya kazi mno, inaukimbiza moyo," daktari alisema. "Tutamdunga sindano moja ya iodini yenye mionzi. Tezi itaivuta yenyewe, na sehemu iliyozidi itakufa."

"Atarudi nimpakate? Yaani, mke wangu ampakate?"

"Atarudi, mzee. Ila akitoka kwetu, wiki mbili asipakatwe wala asilale na mtu. Mchanga wa choo chake muushike kwa glavu."

Paka aliporudi, fundi alihamishia saa zote za wateja kwa jirani yake kinyozi, mionzi isije ikazivuruga majira. Kisha akamfungia Bwana Mkubwa stoo, akaweka kiti mlangoni, akaketi.

Mkewe alipita na ndoo. "Saa za watu umezikimbiza, mwili wako umeuacha hapa?"

"Namlinda asitoke."

"Mlango una komeo, baba."

"Komeo haliongei naye."

"Wewe je? Jana umemsomea gazeti mpaka bei ya saruji." Akakivuta kiti hadi upande wa pili wa ukumbi. "Daktari alisema mbali. Hakusema pua kwenye ufa."

Paka alilia, akatoa ukucha chini ya mlango. Fundi aliikalia mikono yake.

Wiki mbili zilipokwisha, alijikung'uta mapaja, akafungua. Bwana Mkubwa alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa. Alinusa kiatu cha fundi bila haraka, akageuka, akarudi kwenye boksi lake la stoo, akalala.

"Kumbe aliyekuwa akikung'ang'ania ni ugonjwa," mkewe alisema, akificha kicheko.

Alasiri hiyo kinyozi alipoleta saa, alimkuta fundi akisukuma meza yake ya kazi kuiingiza stoo.

"Fundi, humu hamna mwanga."

"Nitaweka taa. Shika upande huo, na usiiburute. Amelala."